Kikundi cha wavuvi, kikundi cha msitu: dhana potofu za pwani ya Lindi na Mtwara

"Vimbunga ni vya Msumbiji, huku havifiki." Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Mei 2024 kikaja Hidaya, na mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi pale Somanga; abiria wakalala njiani.

"Wanaobadili tabianchi kwa moshi wao ni nchi za viwanda, sisi tunahusikaje?" Nusu ya kauli hii ni kweli, na kuzidai nchi hizo ni haki yetu. Ila misitu ya miombo inayofyekwa kila msimu ili kupanda ufuta, panga tumelishika wenyewe.

"Tupande mikoko, miche ikiwa mingi inatosha." Hapa ndipo nguvu nyingi za vikundi hupotea. Mikoko si mti mmoja. Mlilana husimama mbele, kwenye tope linalofunikwa na maji kila yanapojaa. Mkandaa hukaa nyuma, karibu na nchi kavu, yanakofika maji makubwa ya bamvua tu. Ukichomeka miche ya mkoko kwenye mchanga mtupu unaopigwa na wimbi, kusi likianza unabaki na picha za uzinduzi. Tena pengine hapahitaji kupandwa kitu: palipokatwa miti lakini maji bado yanaleta mbegu, mikoko huota yenyewe shoka likizuiwa. Waulizeni kina mama wanaochokoa pweza na kuokota chaza. Wao wanajua maji yanafika wapi na siku gani, wala hawadai posho ya semina.

"Kufunga mwamba ni kuwanyima watu kitoweo." Songosongo, wilayani Kilwa, wanakijiji hufunga baadhi ya miamba ya pweza kwa miezi michache, kisha hufungua. Pweza hukua upesi mno, na maisha yake ni mafupi, kiasi cha mwaka mmoja au miwili. Aliyeachwa mdogo hurudi mzito mizani ikitolewa. Kinachovunja mpango ni majirani wasioshirikishwa, wanaokuja usiku na mikuki yao.

"BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni) ishughulike na samaki, kamati ya maliasili ya kijiji na msitu." Mto Lukuledi unaishia ghuba ya Lindi. Mvua ikichukua udongo wa shamba lililofyekwa huko bara, mvuvi ndiye anayeletewa tope.

"Kampeni ni fulana na maandamano." Kwetu kampeni nzito hufanyika kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana kura. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kubaki na mapato ya mbao. Vijiji kadhaa vya Kilwa vimeuza mpingo kwa njia hiyo. Kikundi kimoja kikisimama peke yake, hoja yake husukumwa kwenye "mengineyo", jua likiwa linazama na watu wameshaanza kutafuta ndala zao. Wavuvi, wakulima na kina mama wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) wakimfuata mwenyekiti pamoja wiki moja kabla, hoja hupangwa ajenda ya pili, baada tu ya kusoma muhtasari.