Taka za angani: darubini inaona nini hasa?

Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilitoka angani ikaangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Ni rahisi kudhani kwamba darubini nzuri ingeifuatilia usiku kucha hadi ianguke. Haiwezi. Taka za angani, yaani mabaki ya roketi na setilaiti, zilizo karibu na Dunia hukimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, na darubini huziona pale tu ambapo kwetu kumeshaingia giza ilhali zenyewe huko juu bado zinapigwa na jua: baada ya magharibi na kabla ya mapambazuko. Wingu moja likitanda, basi. Kazi hiyo hufanywa zaidi na rada.

Darubini hutamba kwenye taka za mbali, kilomita 36,000 juu ya ikweta. Huko nako watu hutarajia picha ya chuma kilichopinda. Kinachoonekana ni nukta ya mwanga wa jua ulioakisiwa. Lakini nukta hiyo inasema mengi! Darubini ikifuata nyota, nyota hutulia na taka huchora mstari, na mstari huo ndio mwendo wake. Ikiwa inang'aa na kufifia kwa zamu, kipande kinabiringika.

Dhana inayopotosha kuliko zote ni kwamba setilaiti iliyokufa hubaki ilipoachwa. Setilaiti za huko zilizo hai huonekana zimesimama kwa sababu huzunguka sambamba na Dunia na hujirekebisha kwa injini. Mafuta yakiisha, mvutano wa Mwezi na Jua huinamisha njia ya setilaiti hadi nyuzi 15 kutoka ikweta, kisha huirudisha, mzunguko wa miaka 50 na ushee. Na kwa kuwa ikweta yenyewe si duara kamili, baadhi huyumbayumba huku na huku ya longitudo 75 Mashariki, juu ya Bahari ya Hindi. Anga hiyo mtu wa Mombasa au Unguja anaielekezea darubini bila shida.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, kwa darubini yenye kioo cha upana wa mita 1 ya Shirika la Anga la Ulaya kisiwani Tenerife, walikuta vitu vinavyoizunguka Dunia takriban mara moja kwa siku, ila kwa njia iliyorefuka kama yai. Inaaminika ni vipande vya karatasi nyembamba za kukinga joto, vilivyobanduka kwenye setilaiti. Ni vyepesi kiasi kwamba mwanga wa jua wenyewe unavisukuma. Mwanga, jamani! Visipoangaliwa mara kwa mara, hupotea kabisa kwenye hesabu.