Je, wajua kwa nini injini iliyofungwa turbo hutema dipstiki?

Gari limefungwa turbo, feni inayoisukumia injini hewa zaidi, linatoka Tanga mjini kuelekea Segera likikanyagwa kisawasawa. Kufika Muheza, dipstiki, ule ufito wa kupimia oili, imechomoka, oili imetapakaa chini ya boneti na ekzosi inatoa moshi wa bluu. Hukumu ya haraka: turbo imekufa. Mara nyingi turbo ni nzima, ila injini imezibwa pumzi.

Hakuna ringi ya pistoni inayobana kabisa. Kila mlipuko, gesi kidogo hupenya hadi kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na lazima ipate pa kutokea. Njia ni mbili, mara nyingi zikianzia kwenye tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini. Moja hupita kwenye valvu ndogo iitwayo PCV kwenda kwenye manifoldi ya hewa, mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda. Nyingine ni mpira unaoingia kwenye bomba lililo kati ya filta na turbo. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, manifoldi hunyonya gesi kupitia PCV, na hewa safi huingia kwa mpira wa pili. Ukikanyaga, turbo huijaza manifoldi upepo, PCV hujifunga, na gesi yote hugeukia ule mpira.

Sasa chukua injini iliyotoka kiwandani bila turbo. PCV yake haikutengenezwa kuzuia upepo wa psi 10 (psi ni kipimo cha presha). Ikishindwa kufunga, turbo hupuliza moja kwa moja ndani ya injini. Au aliyeifunga ameuziba mpira wa pili kwa bolti ili boneti ikifunguliwa ipendeze! Vyovyote vile, presha hutafuta penye udhaifu: dipstiki, gasketi, sili ya nyuma ya krenki, ekseli kuu ya injini. Turbo nayo hurudisha oili kwenye sampo kwa kuteremka tu, haina cha kuisukuma. Sampo ikiwa na presha, oili hukwama ndani ya turbo, hupenya sili zake na kuungua. Hapo ndipo turbo inaposingiziwa.

Kipimo cha kwanza hakigharimu kitu. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa, fungua kifuniko cha oili, weka karatasi juu ya tundu. Ikivutwa kidogo, ni sawa. Ikirushwa, kuna mpira ulioziba au ringi zimechoka. Kifuniko kikiwa kigumu kung'oka huku injini ikipiga mluzi, huenda PCV imekwama wazi. Ichomoe: hewa ipite ikipulizwa kutoka upande wa tapeti kava, na izuiwe kutoka upande wa manifoldi. Kwa injini ya turbo pumzi ya mdomo haitoshi. Tumia kompresa, psi 10 hadi 15.

Mipira ibadilishwe kwa ile inayostahimili oili, kipenyo cha ndani milimita 16 hadi 19. Mpira wa maji hulainika na kujibana wenyewe. Karatasi ikiendelea kurushwa hata mipira ikiwa imechomolewa, pima kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda. Silinda iliyo chini, itie kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena: ikipanda, ni ringi.

Vile vifilta vidogo vya kung'aa vinavyochomekwa kwenye tapeti kava? Kama injini ina sensa ya kupima hewa na PCV bado imeunganishwa, huingiza hewa ambayo sensa haikuihesabu, na sailensa huanza kupanda na kushuka.

Ukifunga geji ya mvuto kwenye manifoldi, injini isiyo na ubovu ikiwa sailensa hapa pwani husoma inchi 18 hadi 22 za zebaki. Iliyowekewa kemshafti kali, ekseli inayofungua valvu kwa muda mrefu zaidi, inaweza kusoma 10 hadi 15 bila ubovu wowote, ingawa breki, ambazo husaidiwa na mvuto huo, huwa ngumu. Na ukipanda Lushoto, mita kama 1,400 juu ya bahari, geji itashuka inchi 4 au 5 kwa wepesi wa hewa tu. Usianze kutafuta panapovuja. Teremka hadi Mombo uisome tena.