Mpime bibi kwanza, kiti baadaye

Kijana mmoja wa Bombo alinipigia simu. Alikuwa amemnunulia bibi yake kiti cha choo mjini Kampala, kile cha mabomba ya alumini chenye ndoo chini, akakifunga juu ya teksi mpaka nyumbani, na sasa bibi hakitaki. "Daktari, njoo umwambie wewe." Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwarudishia watu shughuli zao baada ya kiharusi, mvunjiko au uzee: kula, kuvaa, kuoga, kwenda msalani. Lakini hapa kwetu ukivaa koti jeupe umeshakuwa daktari, basi nikaenda.

Bibi alikuwa na haki. Akikikalia, visigino vinaning'inia. Asiyekanyaga chini hainuki. Hujikokota hadi ukingoni, na hapo kiti humponyoka. Miguu ya viti hivi ina vitufe vya kufupisha na kurefusha, ila dukani hakuna aliyemwonyesha kijana. Mkalishe mzee kwenye benchi na viatu anavyovaa chooni, pima kutoka sakafuni hadi mkunjo wa nyuma ya goti. Huo ndio urefu wa kiti chake. Mwenye magoti mabovu mwongezee sentimita tatu hivi, mradi nyayo zibaki chini.

"Hebu nionyeshe, bibi, unavyokwenda." Akavuka uwanja na ndala zilizolika, akaingia choo cha shimo, akachutama na nguo zake, kisha akapinda kiuno kufikia birika lililokuwa chini, nyuma yake. "Hapa, binti yangu," akasema. Mara zote mbili alizoanguka mwaka huu, alikuwa akilifikia birika.

Familia nyingi hukimbilia chuma cha kushikia. Sasa hesabu mikono: wa kulia unamimina maji, wa kushoto unasafisha. Wa kushika chuma uko wapi? Chuma ni cha kushika wakati wa kukaa na wa kuinuka. Katikati ya shughuli yenyewe mzee anahitaji kikalio kisichoyumba. Fundi seremala alitutengenezea stuli nzito ya mbao yenye tundu, miguu imetanuka chini, nasi tukaiweka juu ya shimo baada ya kuhakikisha sakafu ni zege. Sakafu ya magogo usiiamini, mchwa hawapigi hodi. Viti vya plastiki vilivyokatwa tundu sivipendi kabisa: ukishakata kikalio, miguu hutawanyika juu ya simenti iliyolowa.

Kuhusu chuma, niliwahi kujidhalilisha. Miaka ya nyuma nilikifunga kwa skrubu kwenye choo cha matofali yaliyojengewa udongo. Baada ya wiki mbili mzee alikivuta, kikatoka na tofali lake. Aliangukia mlango, bahati yake na yangu. Tangu siku hiyo, kwenye ukuta wa namna hiyo nasimamisha nguzo na kuijengea zege chini, mbali na ukingo wa shimo. Bomba la maji la inchi moja linatosha: unene wake wa nje ni kama milimita 33, kiganja kinalizunguka vizuri. Likikaa kando ya ukuta, acha nafasi ya sentimita nne. Ukiacha kubwa, mkono mzima utapenya na kuvunjika.

Kuna na presha. Bibi hunywa dawa ya kukojoza jioni, kwa hiyo huamka saa nane za usiku, anasimama ghafla, kizunguzungu. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, anayemwandikia dawa lazima ajue, pengine zihamie asubuhi. Usimkatize dawa wewe. Yeye akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, ndipo ainuke.

Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 684,000 kwa mwaka vitokanavyo na kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nalitaja kwa wale wanaoniambia haya ni mambo ya Wazungu.

Sakafu ya bafu ilikuwa na niru nyekundu, ile simenti iliyolainishwa, inayong'aa kama kioo. Tuliikwaruza, na ukijenga upya pitisha ufagio mgumu simenti ikiwa mbichi. Bibi alikuwa akitawadha kwa mguu mmoja, mwingine ameuinua kuuosha. Sasa anatawadha amekaa. Ndala tulizitupa, akavaa lugabire, makubazi ya tairi yenye mkanda wa nyuma. Birika limepanda kwenye shelfu, usawa wa kiwiko, upande wa kulia.

Kile cha alumini kipo kando ya kitanda, cha usiku. Kijana ameniomba kitu kimoja tu: nisimtajie bibi bei.