Brakiopodi ndani ya mawe ya chokaa: jinsi ya kutoka kwenye umbo la nje hadi jina la spishi

Ukipasua jiwe la chokaa la kipindi cha Jurasiki, liwe la Mandera au la Somaliland, ukakuta kombe lenye mbavu, usikimbilie kuliita chaza. Huenda ni brakiopodi, mnyama wa bahari wa kundi lingine kabisa. Mawe ya matumbawe ya pwani yetu, kama yale yaliyojenga Fort Jesus, hayakufai kwa zoezi hili. Kijiolojia ni ya juzi tu, na makombe yake karibu yote ni ya chaza, kome na konokono. Brakiopodi hutafutwa kwenye chokaa ya zamani zaidi. Ya Jurasiki ina umri wa kati ya miaka milioni 201 na 145 hivi.

Anza na ulinganifu. Kwa kome, gamba la kushoto linafanana na la kulia, lakini gamba moja ukiligawa katikati nusu zake hazilingani. Brakiopodi ni kinyume: kila gamba lina nusu mbili zinazolingana, ila magamba yenyewe hayafanani. Moja huitwa gamba la tumbo, jingine la mgongo; la tumbo kwa kawaida ni kubwa zaidi, na kidomo chake hupinda juu ya gamba la mgongo. Kwenye kidomo hicho angalia kama kuna tundu; hapo ndipo kikonyo kilichomshikiza mnyama mwambani kilipitia. Chaza humchanganya mtu kwa sababu magamba yake nayo hayafanani, lakini hana tundu la kikonyo, na nusu za kila gamba lake hazilingani.

Kabla ya kwenda mbali, safisha. Kosa linaloharibu visukuku vingi ni kuvitia kwenye siki au asidi. Kombe la brakiopodi wa aina hii ni kalsaiti (madini ya chokaa), na jiwe lililolizunguka ni kalsaiti vilevile, kwa hiyo asidi hula vyote viwili, tena mapambo membamba ndiyo hutangulia kwenda. Tumia sindano ya chuma, brashi ngumu na maji, na uvumilivu.

Oda, yaani kundi kubwa linalokusanya jenasi nyingi, hupatikana kwa macho na lenzi ya kukuza mara 10. Terebratulida huwa na kombe laini au lenye mbavu chache, tundu la duara, na vishimo vidogo mno vilivyotapakaa kwenye ganda, ambavyo huonekana vizuri ganda likilowanishwa. Rhynchonellida wengi hawana vishimo hivyo. Wana mbavu kali, kidomo chenye ncha, na mstari wa kufungia, yaani pale magamba mawili yanapokutana, unaokwenda pembepembe ukingoni. Bawaba ndefu iliyonyooka yenye mabawa pembeni inaashiria Spiriferida na jamaa zao. Umri wa mwamba nao ni shahidi: Productida waliangamia karibu wote mwishoni mwa Permi, kipindi cha kabla ya Jurasiki, basi ukidhani umempata kwenye chokaa ya Jurasiki, rudia uchunguzi, au hakikisha jiwe halikusombwa kutoka kwingine.

Chukua mfano wa Somalirhynchia africana, spishi iliyopewa jina na Helen Muir-Wood, mtaalamu wa brakiopodi, mwaka 1935 kutokana na vielelezo vya Somaliland. Ni mmoja wa Rhynchonellida wa Jurasiki: mbavu nene, tuta kwenye gamba la mgongo na mfereji kwenye gamba la tumbo. Mwaka huohuo alianzisha pia jenasi Daghanirhynchia, ya kundi hilohilo. Wengi huishia hapo: wanaona picha, wanaona inafanana, wanaandika jina. Katika Rhynchonellida hilo ni hatari, maana koo zisizo na undugu wa karibu zimejirudia umbo lilelile mara nyingi. Jenasi inathibitishwa ndani ya kombe: meno ya bawaba na vibamba vyake, ukuta wa kati wa gamba la mgongo, na hasa umbo la krura, vijiti viwili vilivyobeba ogani ya kulia chakula.

Kombe likiwa limejaa jiwe, njia ya kawaida ni kulisaga hatua kwa hatua. Kwa kuwa kielelezo kitapotea, kipige picha pande tano, kipime kwa kalipa (urefu, upana, unene) na utengeneze nakala ya plasta. Kisha kigandishe kwenye resini, uso wa kusaga ukiwa wima dhidi ya mstari wa kufungia. Kikiinama kidogo tu, krura zitaonekana zimerefuka au zimepinda, na michoro yako haitalinganishika na ya mtu mwingine. Saga kuanzia kwenye kidomo, milimita 0.1 hadi 0.2 kila mara. Ukishavuka bawaba unaweza kwenda hata 0.5. Lainisha kwa poda namba 600 halafu 1000, chovya kwenye asidi ya haidrokloriki ya asilimia 5 kwa sekunde 10 hivi, suuza, acha pakauke bila kugusa kwa kidole. Mwaga asetoni, kisha laza karatasi ya asetati, plastiki nyembamba inayonakili alama za uso uliosagwa, kwa kuishusha kutoka ukingo mmoja. Ukiibwaga yote kwa pamoja utanasa mapovu. Subiri nusu saa ndipo uibandue. Asidi ikikaa mno, vibamba vyembamba hutoweka kabla hujavichora. Asetoni hushika moto haraka, kwa hiyo dirisha liwe wazi na jiko liwe mbali. Skana ya eksirei huokoa kielelezo, ila kalsaiti ndani ya kalsaiti mara nyingi haitofautiki vizuri.

Jenasi ikishajulikana, spishi haiamuliwi kwa kombe moja. Kusanya 20 au 30 kutoka tabaka moja, wadogo kwa wakubwa. Wachanga huwa bapa na tuta lao halijainuka, na si ajabu mchanga na mzee wake kupewa majina mawili tofauti. Hesabu mbavu, chora grafu ya upana dhidi ya urefu, na weka kando makombe yaliyobonyezwa na uzito wa miamba. Wingu moja la nukta ni dalili ya spishi moja yenye tofauti za kawaida.

Nchini Kenya, visukuku vinalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kibali hutangulia nyundo. Kwenye lebo andika eneo, tabaka, tarehe na namba. Jina kamili ni Somalirhynchia africana Muir-Wood, 1935, bila mabano, kwa sababu spishi bado imo katika jenasi aliyoiweka mwenyewe. Ukiwa na umbo la nje tu, andika Somalirhynchia cf. africana (cf. ni kifupi cha “linganisha na”), na kama hata jenasi ina shaka, andika Rhynchonellida, jenasi haijathibitishwa.