Siga ya Bei Ghali, Chungu kama Shubiri

"Nimeuziwa feki." Ndivyo linavyoanza swali la kwa nini siga ya bei ghali huwa chungu, karibu kila mara linapoletwa kwetu sisi tunaoshughulika na kemia ya mimea. Mtu amenunua siga ya daraja la juu, iliyosokotwa kwa mkono kutoka majani ya tumbaku, akaiwasha kwa madaha, na kabla haijafika nusu mdomo umekuwa chungu kama shubiri. Feki zipo, sikatai. Lakini mara nyingi siga inayolalamikiwa huwa halali kabisa. Kilichoiharibu ni maji na moto: unyevu uliomo ndani ya majani, na mwendo ambao kaa lake linapelekwa. Mambo hayo mawili hayajui bei.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno, maana Kiswahili kimetupa zaidi ya neno moja. Uchungu ni ladha; hunaswa na vipokezi vya ulimi. Ukakasi ni mguso, pale mdomo unapokauka na kujikunja. Ukali huwasha koo na kupanda puani. Anayesema tu "chungu" huenda amepata yote matatu kwa mpigo, na kila moja lina chanzo chake. Harufu ya mkojo uliolala, kwa mfano, ni amonia, na hiyo hutusimulia habari za kiwandani, si za mvutaji.

Uchungu kiasi umo ndani ya mmea wenyewe. Nikotini, ambayo Wilhelm Posselt na Karl Reimann waliitenga kutoka kwenye tumbaku huko Heidelberg mwaka 1828, ni alkaloidi, kundi la kemikali za mimea, kama zilivyo kwinini na kafeini, na zote tatu ni chungu. Mtumbaku huitengeneza mizizini, kisha huipandisha majanini iwafukuze wadudu watafunaji. Majani ya juu, yanayopigwa na jua zaidi, huwa manene na hubeba nikotini nyingi kuliko ya chini. Watengenezaji huyaita ligero. Kwa kuwa hushika moto polepole, msokotaji mzoefu huyaweka katikati kabisa na kuyazungushia majani mepesi. Akiyaacha yakae upande mmoja, moto huenda kombo: huku kunaungua, kule kunafukuta tu. Siga ya namna hiyo itakuwa chungu mwanzo hadi mwisho, na mnunuzi hana la kufanya.

Kabla ya kusokotwa, majani huvundikwa. Yakishakaushwa bandani hurundikwa yakiwa na unyevu kiasi, na lundo hupata joto lenyewe, pengine hadi nyuzi 50 za Selsiasi. Wafanyakazi hulipangua na kulipanga upya, ya ndani yakienda nje, lisije likaungua. Kwa wiki na miezi, vimeng'enya na bakteria huvunjavunja protini, amonia hutoka, na sehemu ya nikotini nayo hupotea. Kiwanda kinachoharakisha hatua hii huuza majani ambayo bado yana amonia ndani. Hapo subira humsaidia mnunuzi, kwa sababu siga ikipumzishwa miezi kadhaa mahali penye unyevu unaofaa, sehemu kubwa ya amonia hutoka yenyewe.

Kuna jambo jingine kuhusu majani haya, na nitalirudia mwishoni. Sukari yake karibu yote huisha wakati wa kukaushwa polepole na kuvundikwa. Sukari ikiungua hutoa asidi, kwa hiyo moshi wa siga hauna asidi kama wa sigara nyingi za kawaida. pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho 7 ndiyo katikati, hufika 8 na hata kupita. Katika hali hiyo sehemu kubwa ya nikotini huwa huru, haikufungwa na asidi. Nikotini huru hukwaruza koo, na hupenya kwenye utando wa mdomo hata kama mtu hakuuingiza moshi kifuani.

Sasa maji. Siga hukaa vizuri kwenye unyevuanga wa asilimia 65 hadi 70, katika nyuzi 18 hadi 21 hivi. (Joto likizidi, mayai ya kidudu cha tumbaku, Lasioderma serricorne, huanguliwa, na siga hutobolewa matundu. Hilo ni balaa la aina yake.) Siga iliyolowa hulazimisha kaa kutumia joto lake kwanza kuchemsha maji. Kaa linapoa, tumbaku badala ya kuungua inafukuta, na moshi unaotoka hubeba lami nzito. Tena majani huvimba na kuziba njia ya hewa, mvutaji anaongeza nguvu, na kila anapoongeza ndivyo lami hiyo inavyomfikia ulimini. Nikiambiwa siga ilizimika mara tatu ikawa chungu, nashuku unyevu kabla ya kitu kingine chochote. Ibonyeze taratibu kwa vidole viwili: ikibonyea bila kurudi, imelowa, ikilia kama jani kavu, imekauka. Iliyokauka ina kosa la upande wa pili, kwani huungua upesi na kwa joto kali, na mafuta yenye harufu nzuri huteketea kabla ya kuonjwa.

Hata hivyo, siga iliyotunzwa vizuri kupindukia bado huharibiwa na haraka. Aliyezoea sigara huivuta siga kama sigara, pafu juu ya pafu, yaani mvuto juu ya mvuto. Kila pafu huingiza oksijeni na kaa hupanda joto. Yakifuatana mno, kaa halipati nafasi ya kutulia, na majani yaliyo nyuma yake huokwa kabla ya zamu yao kufika. Moshi huja wa moto, ulimi unawaka, na uchungu unafuata. Wavutaji wa siku nyingi huacha kama dakika moja kati ya pafu na pafu. Siga ikiwa ya moto vidoleni, mwendo umezidi.

Lakini kuna uchungu ambao ustadi hauuondoi. Majani ambayo hayajaungua hufanya kazi ya chujio: moshi ukipita ndani yake unapoa na kuacha sehemu ya lami na nikotini. Moto unaposogea, ule mzigo uliolimbikizwa huchemka tena na kuletwa mdomoni, juu ya ule mpya. Ndiyo maana theluthi ya mwisho huwa nzito hata kwa siga iliyo bora kuliko zote. Na ndiyo maana kipande kilichozimwa jana kikiwashwa leo ni kichungu zaidi, kwani lami imeshapoa na kuganda ndani yake. Wapo wanaopuliza kuelekea nje kabla ya kuwasha tena. Hewa iliyochacha hutoka, lami inabaki.

Kiberiti cha petroli na mshumaa huacha ladha yao kwenye jani la nje. Hilo ni dogo, na hupita baada ya mivuto michache.

Pengine siga haina kosa, kosa ni la ulimi. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox alikuwa akishughulikia unga wa kemikali uitwao PTC maabarani, ukaruka hewani. Mwenzake akalalamika kuwa ni mchungu; Fox mwenyewe hakuonja kitu. Baadaye tulijua kwamba vipokezi vya uchungu, ambavyo binadamu ana aina zipatazo 25, hurithiwa kwa namna tofauti, hivyo wawili wanaovuta siga za boksi moja wanaweza kubishana na wote wakawa wakweli. Dawa ya meno yenye sodiamu lauril salfeti, kemikali ya kutoa povu, hubana utamu na kuupa uchungu nafasi kwa muda. Dawa za hospitalini, kama metronidazo, huacha ladha ya chuma. Ukiwa unatumia dawa, usiisingizie tumbaku.

Sasa nirudi kwenye ile pH. Kwa kuwa moshi wa majani yaliyovundikwa vizuri huwa laini, watu hudhani siga isiyo chungu ina madhara madogo. Ulimi haupimi sumu. Siga kubwa inaweza kuwa na tumbaku inayolingana na ya pakiti nzima ya sigara, na nyingi huwa na nikotini ya miligramu 100 hadi 200. Kuvundikwa kunakolainisha ladha ndiko pia kunakoongeza nitrosamini, kemikali zinazosababisha saratani. Moshi huo ukibaki mdomoni tu bila kuingia kifuani, bado hatari ya saratani ya mdomo, koromeo na umio ipo. Kizunguzungu, jasho baridi na kichefuchefu katikati ya siga ni ile nikotini huru iliyopenya mdomoni ikazidi damuni. Izime, kaa mahali penye hewa, kunywa maji, na ukitapika mfululizo au moyo ukienda mbio bila kutulia, nenda hospitali. Na kama uchungu unabaki siku ambazo hukuvuta kabisa, mwone daktari wa meno akuangalie. Kidonda au doa jeupe mdomoni lililopita wiki 3 bila kupona halingoji miadi ya mwezi ujao.