Pembe ya mjomba, na mengine tunayodanganyana kuhusu faru

Juzi usiku tuko kijiweni Ngamiani, hapa Tanga, kahawa na kashata kama kawaida, mjomba wangu akatoa kitambaa mfukoni akakifungua taratibu, ndani kuna kipande cheusi, eti pembe ya kifaru. Kauziwa na mchuuzi mmoja wa mitishamba, anaikwangua kwa kisu unga wake anautia kwenye uji. Nikawasha tochi ya simu nikaigeuza, huku chini ina tundu, imeingia ndani kama kikombe. Nikamwambia mjomba, hii ya ng'ombe.

Pembe ya ng'ombe ina gamba nje na mfupa ndani, ukitoa mfupa panabaki uwazi, ndo maana watu wanaipuliza baragumu. Ya faru huwezi kupuliza hata ukitaka maana imejaa yote, haina mfupa kabisa, ni nyuzinyuzi za keratini zimebanana zikasimama juu ya pua. Na keratini ndo hiyohiyo inayotengeneza kucha na nywele zetu, yani hata kama mjomba angepata ya kweli bado alikuwa anakunywa kucha na uji. Kitu ilichozidi kucha ni kwamba katikati ina kalsiamu na melanini (ile rangi nyeusi ya ngozi na nywele) zaidi, pale panakuwa pagumu, pembeni panalika mnyama akisugua kwenye miti na udongo, ndo inapata ile ncha. Nikamwambia pia ashukuru ni feki, maana ingekuwa kweli hiyo ni nyara ya serikali na kesi yake ni uhujumu uchumi, usingemtoa mtu mahabusu kwa kusema alikuwa anatengeneza uji.

Watu wengi wanaamini pembe ikikatwa faru anakufa au haioti tena. Si kweli, ikikatwa juu ya shina haina mishipa ya maumivu, inaota tena kama kucha. Wauaji ndo wanaichimba mpaka kwenye nyama, wanamwacha na uso umefumuliwa, na mara nyingine anakuwa bado anapumua. Afrika Kusini mbuga nyingi zinawakata wenyewe pembe ili jangili asiwe na cha kufuata, na utafiti uliotoka 2025 kuhusu mbuga za ukanda wa hifadhi ya Kruger kulekule ulikuta ujangili umepungua kwa karibu asilimia 78 pale walipokata.

Sasa hili la nguvu za kiume, ambalo ndo mjomba alilifuata. Kila mtu kijiweni anasema Wachina wametumia hivyo miaka na miaka. Kwenye tiba ya asili ya China pembe iliandikwa zaidi kwa ajili ya homa, hii habari ya chumbani imevumishwa sana na watu wa nje, na 1993 China yenyewe ikapiga marufuku biashara hiyo na kuitoa pembe kwenye orodha rasmi ya dawa. Halafu tunasahau kwamba miaka ya 1970 soko kubwa lilikuwa Yemen, si China. Vijana wa kule walikwenda Saudia kipindi cha mafuta wakarudi na hela, kila mmoja anataka jambia, kile kisu cha kuvaa kiunoni, lenye mpini wa pembe ya faru. Sisi watu wa pwani majambia tunayajua vizuri. Na biashara yenyewe ni ya kale mno, kuna baharia aliyeandika kwa Kigiriki karne ya 1 akataja pembe za faru kati ya bidhaa zinazotoka pwani yetu hii, kwenye bandari aliyoiita Rhapta. Kilichobadilika ni bunduki na bei. Faru weusi Afrika nzima walikuwa kama 65,000 mwaka 1970, kufika katikati ya miaka ya 1990 hawafiki hata 2,500. Leo wamepita 6,000 na hao wamepatikana kwa jasho la watu wanaolala porini.

Afrika kuna faru mweusi na faru mweupe, ila wote rangi ni kijivujivu, msitafute weupe hapo, angalia mdomo. Mweusi, ambaye ndo wetu, mdomo wa juu umechongoka anaushikia majani ya vichaka kama kidole, mweupe mdomo mpana anakula nyasi. Ndugu zake ni farasi na punda, kiboko hayumo. Eti anakimbilia moto wa kambi auzime kwa miguu, hiyo ni hadithi tu.

Ila ndege wanaomkalia mgongoni tunawadharau, tunasema wanakula kupe basi. Kupe wanakula, na vidonda wanavidonoa wakanywa damu pia. Kiswahili kinawaita askari wa kifaru, na 2020 watafiti waliowafuatilia faru weusi Afrika Kusini wakaonyesha kwamba cheo hicho ni cha haki. Macho ya faru ni mabovu, akiwa peke yake mtu akimnyemelea alimgundua mara 23 tu katika 100, tena mtu keshafika kama mita 27, lakini ndege akiwepo akapiga kelele faru anageuka mtu akiwa bado mita 61.

La mwisho linaniuma kwa sababu liko mkoani kwetu. Hifadhi ya Mkomazi tumegawana na Kilimanjaro, faru wake waliuawa wakaisha miaka ya 1980, halafu 1997 wakaletwa wanne kwa ndege kutoka Addo, Afrika Kusini, wakawekwa ndani ya uzio wa umeme. Mpaka leo kuna watu wanasema wale ni faru wa kigeni. Addo wale waliwapata wapi? Walipelekwa kutoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni faru wa Afrika Mashariki haohao, wajukuu wakarudishwa huku. Na Mkomazi imepakana na hifadhi ya Tsavo, ukivuka mpaka tu umeshafika Kenya. Nilipomaliza kueleza mjomba akakikunja kitambaa chake akanyamaza kidogo, kisha akauliza basi la kwenda Same, mji wa kuingilia Mkomazi, linaondoka saa ngapi.