"Si FAA walishapitisha?" Dhana potofu kuhusu viraka vya ndege za mtumba

Wiki iliyopita nimeulizwa tena, safari hii pale uwanja mdogo wa ndege wa Kajjansi, Uganda, na mzee aliyekwisha kulipa arbuni ya Cessna 206 iliyoko Marekani: "Fundi, kiraka hiki si FAA walishakipitisha? UCAA watakikataaje?" Kiraka ni bati linaloungwa mahali ndege ilipoharibika; FAA ni mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na UCAA ni ya Uganda. Nikashusha pumzi. Swali hili nimelijibu mara nyingi hadi mlinzi wa geti angeweza kunijibia.

Wanaoamini kwamba idhini ya Marekani inaifunga Uganda mikono hupenda kutaja Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kwamba nchi wanachama hutambuliana vyeti. Sawa, lakini hicho kinamhusu mgeni: ndege ya N, yaani ya usajili wa Marekani, inayotua Entebbe kisha ikaondoka. Ukitaka kuiandika 5X, usajili wa Uganda, umehamia Kifungu cha 31, na hapo cheti cha kufaa kuruka hutolewa na nchi ya usajili. Kiambatisho cha 8 cha mkataba huo kinasema nchi mpya inaweza kukichukua cheti cha zamani kuwa ushahidi, chote au sehemu yake. Inaweza. Lisome neno hilo mara mbili kabla hujatuma pesa.

Nisiwaonee wakaguzi. Cessna ilibuniwa Marekani, kwa hiyo data ya ukarabati iliyopitishwa na FAA ina uzito mkubwa hapa. Kinachokwamisha ni kuionyesha. Fomu 337, ile ya FAA ya ukarabati mkubwa, hueleza kilichofanywa, kwa data ipi, na nani alitia saini ndege irudi kazini. Mkaguzi anataka fomu, logibuku (daftari la kumbukumbu za ndege) na bati vyote vitoe ushahidi mmoja. Ya yule mzee, 337 ilitaja ubavu wa kushoto karibu na mkia, na kiraka hicho kipo. Lakini nikikuza picha zake kwenye simu, naona kingine tumboni, riveti zake zina vichwa vya aina mbili, na logibuku haina hata mstari mmoja juu yake. Hicho FAA hawakukipitisha. Hawajui kama kipo!

Ndiyo maana nasema, mpaka sauti inakauka: kabla ya arbuni, agiza faili la ndege kutoka Oklahoma City, ambako FAA huhifadhi 337. Ni dola chache. Kisha tuma fundi wako, si wa muuzaji, akahesabu viraka faili likiwa mkononi. Watu wanatanguliza pesa kana kwamba wananunua Noah bondi.

Kuna na hii: "Imeruka miaka kumi na kiraka hicho, ingeshaanguka." Boeing 747 ya Japan Airlines ilikwaruza mkia Osaka mwaka 1978. Ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya kabini ukaungwa vibaya, sehemu ya kiungo ikabaki kubebwa na safu moja ya riveti pahali pa mbili. Iliruka miaka 7, na tarehe 12 Agosti 1985 wakafa watu 520. Boeing 747 ya China Airlines ilidumu miaka 22 na kiraka cha mwaka 1980, ikapasukia angani tarehe 25 Mei 2002 na watu 225. Ufa hukua chini ya kiraka, mahali jicho halifiki.

Mengine hayahitaji maneno mengi. Fomu 8130-3, ile ya kuthibitisha kipuri kinafaa, iliyokuja na propela ni ya propela, usinionyeshe nikikuuliza habari za bawa. Cheti cha kusafirisha ndege nje kinasema ilivyokuwa siku ile ilipokaguliwa, na hakimlazimishi anayeipokea. Na kwa wanaonunua Kenya "kwa sababu tuko Jumuiya moja": CASSOA, wakala wa Jumuiya wa usalama wa anga, wako hapahapa Entebbe, kazi yao ni kuoanisha kanuni. Sajili ya 5Y ya Kenya na ya 5X yetu bado ni mbili.

Mzee nilimshauri amwombe muuzaji karatasi za kile kiraka cha tumboni. Jana kajibiwa: hakuna karatasi, ila katumiwa picha mpya. Kiraka kimepakwa rangi.